Ndama Unampa Dang'a, Mtoto Wako Je? Somo la Imani za Wazee na Lishe ya Mama na Mtoto

Leo sitafundisha mbolea wala dawa ya ukungu. Leo tunazungumzia chakula cha mama mjamzito na cha mtoto mdogo nyumbani kwako, pamoja na yale tuliyoambiwa na wazee kuhusu chakula hicho. Usiseme "hayo ni mambo ya kliniki, bwana shamba yanamhusu nini?" Nisikilize kwanza kisa hiki.

Kisa cha banda la kuku 300

Kuna kijana mmoja katika kata ninayoihudumia huku Nyanda za Juu Kusini. Jina lake nalihifadhi. Ni mfugaji mzuri kweli kweli: kuku wa mayai 300, chanjo kwa ratiba, daftari la kumbukumbu safi. Siku moja aliniita kwa sababu utagaji ulikuwa umeshuka. Tukiwa tunakagua banda, mke wake akapita na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, lakini kwa kumtazama ungesema ana miezi minane. Nywele nyepesi, zimepauka. Hachezi, hana habari na mtu. Na mama mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Nikauliza, "Mtoto anaumwa?" Kijana akaangalia chini. Aliyenijibu ni mama yake mzazi, aliyekuwa barazani anachambua maharage: "Huyo kabemendwa, bwana shamba. Mama yake kabeba mimba mwenzake bado ananyonya. Tunamtafutia dawa."

Nikauliza anakula nini. Asubuhi uji wa sembe. Mchana uji wa sembe. Jioni ugali na mchuzi wa mboga. Ziwa aliachishwa siku ile ile mimba ilipojulikana, kwa sababu maziwa ya mjamzito yanasemwa yamechacha. Na mayai? Mtoto hapewi, eti atachelewa kuongea. Mama mjamzito naye hali, eti atazaa mtoto asiye na nywele. Yaani nyumba inatoa trei 8 kwa siku, na watu wawili wanaohitaji yai kuliko wote hawaligusi!

Hapo nikafanya kosa ambalo wengi wetu tunalifanya. Nikaanza kuhubiri. Protini, vitamini, madini, nikamwaga yote. Bibi wa mtoto akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe umezaa wangapi? Mimi nimezaa saba." Sikuwa na jibu. Nikarudi kwenye kuku.

Kesho yake nilirudi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama mtu mzima anayeheshimika pale kijijini. Akampima mtoto mkono kwa ule utepe wa rangi. Ukasoma nyekundu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, nyekundu maana yake mzingo wa mkono uko chini ya sentimita 11.5, yaani utapiamlo mkali. Mtoto wa namna hiyo hasubiri dawa ya kienyeji wala siku ya soko. Anapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nitarudi kwenye kisa hiki mwishoni.

Kwa nini nawaambia ninyi wakulima wa biashara?

Kwa sababu njaa siyo tatizo letu kubwa huku. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Sasa angalia mikoa iliyoongoza: Iringa takribani asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu asilimia 50 kila mmoja. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Mahindi yanatoka huku, maharage huku, viazi huku, parachichi huku.

Sababu ziko nyingi: kazi nyingi za mama shambani, maji machafu, magonjwa, mlo wa aina moja, na fedha kwenda kwenye mambo mengine. Lakini sababu mbili nakutana nazo kila wiki ninapotembelea wakulima. Ya kwanza ni soko, kinachozaliwa chote kinapanda gari. Ya pili ni imani, kinachobaki kinakatazwa. Mama na mtoto wamebanwa katikati.

Wewe tayari ni mtaalamu wa lishe

Mkulima kijana, somo hili unalijua. Unalifanyia kazi kila siku bandani, ila hujalileta jikoni. Shemeji zangu mnisamehe kwa mifano ya mifugo, lakini ndiyo lugha tunayoielewana.

Ng'ombe akizaa, maziwa ya kwanza mazito ya njano, dang'a, unampa nani? Ndama, tena ndani ya saa chache za mwanzo, kwa kuwa unajua bila dang'a ndama hana kinga. Lakini zipo nyumba ambazo dang'a ya mama mzazi inakamuliwa na kumwagwa kwa kuambiwa ni maziwa machafu, halafu mtoto anapewa maji ya sukari. Mtoto anatakiwa awekwe kwenye ziwa ndani ya saa moja tangu azaliwe.

Ng'ombe akikaribia kuzaa, miezi miwili ya mwisho unamuongezea chakula. Lakini mjamzito anaambiwa apunguze.

Kifaranga unamnunulia chakula chake maalumu chenye protini nyingi kuliko cha kuku mkubwa, kwa sababu anajenga mwili. Ukimlisha pumba tupu hafi haraka, ila hakui, na hata ukimlisha vizuri baadaye hasawazishi. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba inapotungwa mpaka anapotimiza miaka miwili, ndizo zinazojenga ubongo na kimo. Uji wa sembe mtupu ni pumba tupu.

Imani tuziweke kwenye vikapu vitatu

Usikimbilie kusema wazee ni wajinga. Mbegu za asili hatuzitupi zote, tunachagua. Imani nazo tuzichague.

*Kikapu cha kwanza: imani za kutunza.* Mama aliyejifungua kupumzishwa kazi nzito na kupikiwa na wanawake wa nyumba. Wachaga kumpa mzazi mtori wa ndizi na nyama. Supu na uji kila wakati ili maziwa yatoke. Hizi ni hazina, zisiachwe kwa sababu ya usasa.

*Kikapu cha pili: zisizodhuru.* Uzi au shanga mkononi, jina la babu. Haya hayapunguzi chakula wala hayacheleweshi matibabu. Yaache yalivyo, usigombane nayo.

*Kikapu cha tatu: zinazodhuru.* Hizi ndizo za kubadilisha. Tuzipitie moja moja, pamoja na hofu iliyo nyuma yake, maana kila katazo lina hofu yake.

1. "Mjamzito asile mayai, mtoto atakosa nywele." Nywele za mtoto hazitegemei yai alilokula mama. Yai lililoiva vizuri ni chakula cha kujenga mwili na ubongo wa mtoto tumboni. Nikifikiria mwenyewe, naona zamani kuku walikuwa wachache na yai lilikuwa kifaranga cha kesho. Katazo lililinda kuku. Leo una kuku 300, hakuna cha kulinda.

2. "Mjamzito akila sana mtoto atakuwa mkubwa, kuzaa kutakuwa shida." Hofu hii ni ya kweli, kwa sababu wapo wanawake waliopoteza maisha kwenye uzazi hospitali ikiwa mbali. Lakini kumnyima chakula siyo dawa. Anaishia kukosa damu, anakosa nguvu za kusukuma, na mtoto anaweza kuzaliwa chini ya kilo 2.5. Dawa ni kuanza kliniki mapema, kumeza vidonge vya FEFO kila siku kama alivyoelekezwa, na wewe baba kuweka akiba ya usafiri mapema ili ajifungulie kituoni. Mjamzito anahitaji mlo mdogo wa ziada kila siku. Anayenyonyesha anahitaji hata zaidi ya mjamzito.

3. "Mtoto akila yai atachelewa kuongea." Hapana. Kuanzia miezi 6 mtoto anaweza kula yai zima lililochemshwa au kukaangwa mpaka likaiva, likapondwa. Kinachochelewesha mtoto ni kukosa chakula cha ubongo na kukosa wa kuongea naye.

4. "Kifua kinasikia kiu, apewe maji na uji." Mtoto wa chini ya miezi 6 anatosheka na maziwa ya mama peke yake. Maji anayohitaji yamo humo humo. Uji wa mwezi wa pili au wa tatu unamletea kuhara na kumfanya anyonye kidogo, na maziwa yanapungua. Hata hivyo bibi huwa hakosei kabisa: mtoto analia kweli, na mama yuko shambani tangu asubuhi. Suluhisho ni mama kupunguziwa kazi za mbali miezi hiyo, au mtoto kupelekwa shambani anyonye.

5. "Kabemendwa." Hili ndilo zito. Mtoto akikonda, akichelewa kutembea, inasemwa wazazi wamekutana wakati bado ananyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, au mama amebeba mimba nyingine. Ndani yake mna hekima: wazee walijua watoto wasifuatane. Leo pia wataalamu wanashauri ipite angalau miaka miwili tangu kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine, na kituo cha afya kina njia za kupanga uzazi. Lakini madhara yake ni makubwa. Ugonjwa wa chakula unageuzwa kuwa kesi ya ndoa. Mama anaona aibu kumpeleka mtoto kliniki, maana kumpeleka ni kama kukiri kosa. Mtoto anazidi kukonda ndani, watu wazima wanatafuta mwenye hatia. Mkulima, mahindi yakiwa ya njano unauliza yamekosa nini, huulizi nani kalala na nani. Na mama akibeba mimba, maziwa yake hayachachi. Kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha, mradi ale vya kutosha. Akitokwa damu au akiwa na historia ya mimba kuharibika, aonane na mtoa huduma.

6. "Firigisi na minofu ni ya baba." Hii siyo imani ya afya, ni heshima. Basi baba mwenye heshima atoe amri mwenyewe: kipande cha kwanza kwa mjamzito na mtoto. Heshima yako haipungui.

Kuna la ziada, kula udongo. Mjamzito akitamani sana udongo, mara nyingi ni ishara kwamba damu imepungua. Asifichwe wala asichekwe, aseme kliniki apimwe. Na chai asinywe pamoja na chakula, kwa kuwa inazuia mwili kuchukua madini chuma. Asubiri kama saa moja. Tunda au limao kwenye mboga na maharage linasaidia kinyume chake.

Hesabu ya trei mbili

Najua mnapenda hesabu, haya tupige. Kuku 300 wakitaga kwa asilimia 80 ni mayai 240 kwa siku, sawa na trei 8. Kwa siku 30 ni mayai 7,200. Yai moja la mama na moja la mtoto kila siku ni mayai 60 kwa mwezi, yaani trei 2 kati ya 240. Ni chini ya asilimia 1 ya uzalishaji wako! Mayai yanayopasuka au kupotea bandani kwa mwezi yanaweza kuzidi hayo.

Kwa hiyo ongeza safu moja kwenye daftari lako: "Nyumbani." Andika humo mayai, lita za maziwa, kilo za maharage. Usipoandika, siku mteja akija na fedha taslimu utauza mpaka la mwisho. Ukiandika, limeshakuwa gharama ya uzalishaji kama chanjo. Tena mpe mke wako mamlaka ya safu hiyo, asiwe wa kuomba.

Mwenye parachichi naye ana bahati. Yale yanayokataliwa na mnunuzi kwa kuwa madogo au yana kovu kwenye ganda, ndani ni mazima kabisa. Yakiiva yaponde, ni chakula kizuri mno cha mtoto wa kuanzia miezi 6.

Mtoto ale nini kutoka shambani kwako?

- Miezi 6 hadi 8: mara 2 hadi 3 kwa siku, pamoja na kunyonya. Chakula kiwe laini lakini kizito, kikae kwenye kijiko kisichuruzike.
- Miezi 9 hadi 23: mara 3 hadi 4 kwa siku, na asusa mara 1 au 2 katikati, akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.
- Mchanganyiko: usiwaze nafaka tano kwenye uji mmoja. Mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele vikichanganywa bado ni kundi moja tu. Chukua nafaka moja au viazi, ongeza cha kujenga mwili (yai, maharage yaliyopondwa, dagaa waliosafishwa na kusagwa, maziwa), ongeza mboga ya kijani au kiazi lishe cha rangi ya chungwa, kisha tunda na mafuta kidogo.
- Soya lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Ikiwa mbichi inazuia mwili kutumia protini.
- Maziwa ya ng'ombe yachemshwe siku zote, na yasichukue nafasi ya ziwa la mama.

Tahadhari za shamba la biashara

Usije ukatoa kwa mkono mmoja na kuharibu kwa mwingine. Kwanza, kama umewatibu kuku au ng'ombe kwa antibiotiki, subiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa kabla ya kula au kuuza mayai na maziwa. Pili, mjamzito na anayenyonyesha wasipulize viuatilifu, wasichanganye, na wasifue ovaroli la kupulizia. Tatu, tabia ya kuuza mahindi na karanga safi na kubakiza zenye ukungu za nyumbani iishe. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumukuvu. Karanga yenye ukungu isiingie kwenye uji wa mtoto hata moja.

Namna ya kuongea na bibi

Kosa langu la siku ya kwanza lilinifundisha. Siku hizi nafuata hatua hizi, nawe zifuate:

1. Salimia, kaa, msaidie hata kuchambua maharage. Usianze na neno "hapana".
2. Uliza: "Mama, enzi zenu mlikuwa mnamlishaje mjamzito? Kwa nini hili lilikatazwa?" Utaisikia hofu yenyewe.
3. Anza na lile mnalokubaliana. Akikataa yai leo, anza na maharage, maziwa na dagaa. Yai litakuja.
4. Njoo na mtu anayeaminika: mhudumu wa afya, au mama jirani ambaye mtoto wake alipona.
5. Fanya shamba darasa. Mbegu mpya mkulima haiamini kwa maneno, anaiamini akiona kitalu. Mwombe bibi mwenyewe awe msimamizi wa mlo wa mtoto kwa mwezi mmoja, kisha mwangalie mstari kwenye kadi ya kliniki.

Dalili za kukimbilia kituo cha afya

Utepe kusoma nyekundu, miguu kuvimba pande zote mbili, kukonda mpaka mbavu zinahesabika, kukataa kula au kunyonya, kulegea. Hizo hazina mganga wala msimamizi wa mlo. Ni kituo cha afya, leo.

Tumalizie kisa

Mtoto yule alilazwa, baadaye akaruhusiwa na kuendelea na chakula dawa nyumbani, kile cha karanga cha kwenye pakiti. Aliporudi, nilikwenda tena. Safari hii sikuhubiri. Nilimuuliza bibi, ambaye amefuga ng'ombe maisha yake yote, "Mama, ng'ombe akiwa na mimba kubwa, unampunguzia majani?" Akacheka. "Nimpunguzie? Sasa huyo ndama atatoka na nguvu gani?" Halafu akanyamaza, akamtazama mkwe wake aliyekuwa anapepeta. Sikuongeza neno.

Baada ya miezi kadhaa nilipita kuangalia kundi jipya la kuku. Mtoto ananifuata kwa miguu yake, ananivuta suruali. Mdogo wake keshazaliwa, na bibi ananyooshea kidole bakuli kwenye rafu: mayai ya "Nyumbani", anayatoa mwenyewe kila asubuhi kabla trei hazijafungwa. Bado anaamini mjukuu wake alibemendwa. Sikubishana naye. Mayai yanaliwa.

Kazi ya nyumbani: leo jioni fungua daftari, chora safu ya "Nyumbani", kisha muulize mke, dada au mama yako ni chakula gani aliwahi kukatazwa akiwa mjamzito, na kwa nini. Msikilize mpaka mwisho. Tukutane somo lijalo, tutarudi kwenye kuku.